Marehemu Ubaldo Kasanda na Deni la Mkono wa Usukani

“Mnataka nipake rangi juu ya uchafu, kama mtu anayevaa shati la Pasaka bila kuoga! Sipaki.”

Maneno hayo aliyasema marehemu Ubaldo Kasanda mwezi wa Julai 1956, kwenye banda lake hapa Mwamkulu, akiwaambia wajumbe wote saba wa Kamati ya Lori. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Damiano Nsokolo, ambaye leo amesimama pale karibu na kichwa cha kaburi, alimjibu hivi: “Tumekupa rangi, tumekupa brashi. Ruhusa ya kutuhubiria hatukukupa.” Marehemu akamwekea brashi mkononi. “Basi pakeni nyie. Mimi nachuna kwanza.”

Wasifu huanza na kuzaliwa, hilo najua. Lakini ugomvi huu kila aliyesimama hapa anaujua nusu nusu, na wengine mmeutembeza hadi Kabungu mkiutia chumvi njia nzima. Utasomwa wote, mbele yake, kabla hajafunikwa. Sasa niende kwa utaratibu.

Marehemu Ubaldo alizaliwa tarehe 16 Mei 1912 kijijini Kabungu, mtoto wa pili wa mzee Selestini Kasanda na mama Katarina. Jina alipewa la mtakatifu wa siku ile ile. Wa kwanza alikuwa Adolf, ambaye alitutangulia utotoni, na wa mwisho ni mimi Kasilda ninayesoma. Mama yetu alikuwa mpika chumvi. Alikata matete bondeni, akayachoma, akachuja majivu kwa chungu chenye matundu, kisha akachemsha yale maji mpaka chumvi ibaki chini. Marehemu alipokuwa na miaka tisa alipewa kazi ya kuangalia chungu kisifurike. Kifuniko kikavunjika. Yeye akachukua kifuniko cha sanduku la bati la katekista, kilichopakwa rangi ya buluu, akafunikia. Jioni rangi yote ilikuwa inaning’inia kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Baba alimchapa mbele ya katekista. Huku anachapwa akawa anasema, “Lakini mwalimu, bati lako limekuwa jipya!” Katekista alisimulia habari hiyo mpaka alipozeeka, na kila akisimulia fimbo zinaongezeka.

Alisoma shule ya misheni Karema kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, akamaliza darasa la nne. Hesabu alijua. Kuimba hakujua kabisa, akawekwa mstari wa nyuma na kuambiwa afungue mdomo tu bila kutoa sauti. Kitabia alikuwa mkimya, na akishasema hapana, ilibaki hapana. Walimu waliandika kwamba ni mkaidi. Sisi wa nyumbani hatukuhitaji kuandikiwa.

Mwaka 1930 alitembea kwa miguu hadi Tabora, akaajiriwa kwenye karakana ya reli. Hapo ndipo alipojifunza kazi aliyoifanya mpaka mwisho, yaani kuchuna rangi ya zamani kwenye vyuma ili vipakwe upya. Msimamizi wake aliitwa Leodgar. Huyo alimfundisha kuchanganya magadi moto, yale ya kutengenezea sabuni, katika pipa la maji yaliyo karibu kuchemka. Kuning’iniza chuma kwa waya humo ndani. Kukitoa rangi ikiwa imelegea, kukikwangua na kukisuuza maji mengi. Kisha kukipaka mafuta palepale, maana chuma kilicho uchi kikikaa hadi jioni kimeshashika kutu.

Mwaka wa kwanza alitumbukiza kifuniko cha alumini. Maji yakafoka kama maziwa, na alipovuta waya alikuta kimebaki kipande cha kutosha kufunika kikombe. Tangu siku hiyo alivaa sumaku shingoni kwa kamba, pamoja na rozari yake. Chuma kisichovutwa na sumaku hakikugusa pipa lake tena.

Leodgar alimfundisha na jambo jingine, na hili naomba mlisikilize vizuri. Chuma kikishachunwa rangi, unakilowesha mafuta ya taa, unakifuta kikauke kabisa, halafu unakinyunyizia chokaa laini. Kama ni kizima, chokaa inabaki nyeupe. Kama kina ufa ambao jicho halioni, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka polepole na kuchora mstari. Huku kwetu marehemu alitumia unga wa muhogo badala ya chokaa.

Alirudi mwaka 1947. Alifanya kazi miaka minne kwa mafundi wa magari ya machimboni hapa Mpanda, na mwaka 1951 akafungua banda lake Mwamkulu. Alichuna vitanda, baiskeli, cherehani, taa za karabai na magari ya kila umri. Mtu akimletea kitu na kusema apake juu juu tu, aliambiwa akirudishe kwake.

Tarehe 8 Oktoba 1938 alifunga ndoa na Romana, binti wa mama Marselina wa Karema. Posa yake nusura ivunjike. Mikono ya marehemu ilikuwa imeliwa na magadi, ngozi imetoka vipande vipande, na wajomba wa bibi harusi wakaanza kunong’ona kwamba ni ukoma. Mama Marselina aliinuka, akaushika ule mkono mbele ya watu, akaunusa. “Haya ni magadi,” alisema. “Kijana anafanya kazi. Kaeni chini.” Tangu siku hiyo marehemu hakuwahi kumpinga mama mkwe wake kwa jambo lolote. Mungu aliwajalia watoto watatu: Getrude, Alois na Dafrosa. Wakati magadi ya dukani yalipokosekana, wifi Romana alikata matete na kumchujia mumewe majivu, kama mama Katarina alivyofanya.

Sasa nafika kwenye lori.

Lile lori ni la mwaka 1927. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara aliyefariki wakati wa vita, na likabaki nyuma ya ghala bovu hapa Mwamkulu miaka kumi na minne, nyasi zimeota hadi kwenye kiti. Wakubwa wote hapa mnalikumbuka, ndilo gari la kwanza wengi wetu kulipanda. Mwaka 1956 kaya arobaini zilitoa kila moja gunia la mpunga, likanunuliwa, kamati ikaundwa. Shauri lilikuwa hili: lichunwe, litengenezwe, lirudishiwe rangi yake ya kwanza. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, lionekane Karema likiwa limebeba watu wetu. Baada ya hapo lipeleke mpunga stesheni. Pipa la marehemu lilikuwa limetoboka, kwa hiyo kamati ilinunua nusu pipa na magadi, kazi ya kuchuna akapewa yeye, na Bwana Damiano ndiye angeendesha, maana aliendesha malori ya jeshi huko Bama wakati wa vita.

Marehemu alilifungua nati kwa nati. Juu kulikuwa na rangi ya kijivu, chini yake nyekundu, kisha buluu, kisha nyekundu nyingine nzito kama ukoko wa ugali. Chini kabisa akaikuta kijani, na mstari mwembamba wa njano uliochorwa kwa mkono. Hapo aliweka brashi chini, akawaita wazee waje waone. Walikuja, wakagusa. Wiki ile kila mtu alimpenda Ubaldo.

Wiki iliyofuata kamati ikaona anachelewa. Bodi ilikwisha, ikang’aa. Yeye akawa anachuna vyuma vya chini, visivyoonekana na mtu. Ndipo likatokea lile la shati la Pasaka. Hawakumshinda. Alichuna.

Alhamisi tarehe 9 Agosti alitoa kwenye pipa chuma kinachopokea nguvu ya usukani na kuzungusha magurudumu ya mbele. Mafundi wanakiita mkono wa usukani. Ulikuwa umepakwa rangi nyingi kuliko chuma chochote kwenye lori lile, na ndani ya rangi kulikuwa na lami iliyosukumwa kwa kidole. Alisuuza, akalowesha mafuta ya taa, akafuta, akanyunyiza unga. Akasubiri. Mstari ukatoka, mwembamba, umezunguka shingo ya chuma karibu mzunguko mzima.

Akamwita Bwana Damiano peke yake, kwa heshima, ili asimuaibishe mbele ya watu. Maneno yao aliyasikia Alois aliyekuwa anachochea moto, na Bwana Damiano hapa hayakatai.

“Mwenyekiti, tazama. Umekatika huu.”

“Wapi?”

“Huo mstari.”

“Umekwaruza kwa ukucha.”

“Futa mwenyewe, nyunyiza mwenyewe.”

“Ubaldo, mimi nimeendesha malori kwenye matope yanayofika kiunoni. Chuma kinene hivi nikiogope kwa ajili ya unga wa muhogo? Tumeandika barua Dar es Salaam, tumeandika Nairobi, wote wamejibu vyuma vya lori hili havitengenezwi tena. Watu ishirini na sita wameandikisha majina. Nikawaambie nini? Kwamba unga umekataa?”

“Waambie hivyo.”

“Funga huo mkono. Paka rangi. Jumatatu jioni nakuja na ufunguo.”

Kila mmoja hapa anajua mteremko wa kushukia Karema ulivyo. Upande mmoja mawe, upande mwingine hakuna kitu. Mkono wa usukani ukikatika pale, dereva anabaki ameshika duara tu. Katika majina yale ishirini na sita alikuwemo wifi Romana, na Dafrosa wa miaka miwili mgongoni, wanakwenda kumwona mama Marselina aliyekuwa ametuma salamu kwamba kifua kinambana. Nilikuwemo na mimi. Wanakwaya walikuwemo kumi na mmoja.

Siku tatu marehemu hakufunga chuma wala kupaka rangi. Alizunguka kwa wajumbe mmoja mmoja akiwa na ule mkono kwenye gunia, akitaka kuwaonyesha, na kila mmoja alimwambia amalizane na mwenyekiti. Jumapili alimwambia mkewe, “Msipande.” Mkewe akauliza, “Tusipande sisi, wapande watoto wa wenzetu?”

Jumatatu tarehe 13 Agosti, saa nane mchana, aliuweka mkono wa usukani juu ya fuawe, akachukua nyundo kubwa, akaupiga. Pigo moja tu. Waliokuwa kisimani walisikia. Ulivunjika pale pale kwenye mstari, na ndani robo tatu ilikuwa nyeusi kwa kutu ya zamani, robo moja tu inang’aa. Yaani lori lile lilikuwa linaning’inia kwenye robo.

Bwana Damiano alipofika alikuta vipande viwili vimelala juu ya fuawe na marehemu amekaa kando yake.

“Tazama weusi huo ndani,” marehemu alisema. “Huo ni wa miaka.”

“Naona nyundo,” alisema Bwana Damiano. “Ukishavunja chuma cha watu, utakosa cha kueleza?”

Kamati ilikaa hapo hapo bila kukaa, kila mtu amesimama. Wakaandika kwenye daftari: Ubaldo Kasanda anadaiwa na wanakijiji mkono wa usukani mmoja. Wakabeba nusu pipa lao na magadi yao. Bwana Damiano alitia kipande kimoja mfukoni kuwa ushahidi. Lori likawekwa juu ya mawe, kijani yake mpya inang’aa, na kwenda haliwezi.

Sikukuu ikapita. Wachache walitembea. Wifi Romana alikuwa na mtoto mdogo, alisema atasubiri lori la wafanyabiashara wa mpunga linalopita mwisho wa mwezi. Tarehe 17 Agosti mama Marselina alifariki. Habari ilipofika alikuwa amezikwa siku mbili. Wifi alimwambia mumewe sentensi moja: “Mama aliambiwa nakuja na lori, akaendelea kutazama barabara.” Baada ya hapo alimpikia, alimfulia, na maneno hakumpa, muda mrefu.

Wengine mlimpa maneno mengi. Aliitwa mvunja vya watu. Watoto walimwimbia njiani. Mimi dada yake nilimwambia kwamba amevunja kwa wivu kwa sababu hakupewa uenyekiti. Neno hilo nalirudisha leo, na naona aibu kwamba nimesubiri mpaka amelala. Yeye alijibu kila mtu jibu moja: “Semeni tu. Sauti mnazo.” Hakuna aliyemwelewa. Tulidhani ni kiburi, kumbe alimaanisha kwamba tuko hai.

Lakini deni alilikubali. Hilo ndilo lililotushangaza. Aliambiwa alipe mkono wa usukani, akasema atalipa. Mwaka 1957 alizunguka vijiji vyote akitafuta lori la namna ile. Aliukuta mzoga wake Kasekese, kuku wanatagia ndani. Mwenye mzoga hakutaka kuuza, akataka baiskeli. Marehemu alimwachia baiskeli yake, akarudi kwa miguu siku mbili na chuma begani.

Magonjwa yalianza mwaka huo huo. Pipa hakuwa nalo, magadi hakuwa nayo, na majivu hakuna aliyemchujia. Kila kazi aliyopata aliifanya kavu, kwa brashi ya waya, vipande vya chupa na msasa, ndani ya banda, mlango umefungwa kwa sababu ya watoto wanaoimba. Vumbi la rangi lilimjaa nywele na ndevu. Alikula na vumbi hilo mkononi. Tumbo likaanza kumsokota, fizi zikaweka mstari wa buluu, na mwishoni mikono ikalegea kwenye vifundo, ikaning’inia, hawezi kuinua kikombe. Mwezi wa Juni 1958 daktari alitueleza kwamba rangi za zamani zimechanganywa na risasi, hii hii inayochimbwa hapa kwetu, na vumbi lake huingia mwilini bila kelele. Nyie mafundi mliopo hapa, na nawaona, mkichuna rangi ya zamani lowesheni maji, funikeni pua, naweni mikono kabla ya kula. Msifanye kazi hiyo mnapolala. Marehemu aliagiza niliseme, nimelisema.

Pamoja na mikono hiyo, aliuchuna mkono wa usukani wa Kasekese mpaka ukawa mweupe. Ulimchukua miezi mitano. Alibana kipande cha chupa katikati ya viganja, kwa sababu vidole vilikuwa havishiki.

Jumapili tarehe 26 Oktoba 1958, baada ya ibada, alimtuma Alois akamwite Bwana Damiano. Akaja. Kwenye begi alikuja na kile kipande alichotia mfukoni mwaka 1956, ili apime kama ukubwa ni sawa. Mimi nilikuwepo, wifi Romana alikuwepo, amesimama mlangoni na Getrude na Dafrosa.

“Deni lako hilo mezani,” marehemu alisema. “Lakini huondoki nalo kabla hujalijaribu. Mafuta ya taa yako kwenye chupa. Unga Kasilda atakupa. Mimi mikono sina.”

“Ubaldo, nakuamini.”

“Kuniamini sitaki. Nyunyiza.”

Bwana Damiano alilowesha, akafuta, akanyunyiza. Tukakaa. Kuku tu walisikika nje. Unga ulibaki mweupe kama ulivyomwagwa. Mwenyekiti akapumua, akanyoosha mkono achukue. Marehemu akasema, “Bado. Na hicho ulichokuja nacho.”

“Hiki? Hiki si kimeshavunjika?”

“Nyunyiza.”

Akafanya vile vile kwa kile kipande cha zamani. Tukakaa tena. Na kwenye unga, mbali kidogo na pale kilipovunjikia, ukatokea mstari mwingine. Hakuna aliyekigusa kwa ukucha. Miaka miwili kilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti mwenyewe, kwenye sanduku lake, ufunguo anao yeye. Mstari ukanenepa, ukalowa, ukazunguka.

Bwana Damiano aliutazama mpaka nikadhani amelala macho wazi. Kisha akasema, sauti imeshuka, “Ningeendesha mimi.”

“Ungeendesha wewe,” marehemu alisema.

“Kwa nini hukuwaita watu wote waone?”

“Nilizunguka na gunia siku tatu. Nani alifungua?”

Ndipo wifi Romana aliposema pale mlangoni, hakumwambia mtu: “Ningekaa mbele. Kwa sababu ya mtoto, mlisema nitakaa mbele.” Akampa Getrude mtoto, akachukua beseni la maji, akakaa chini, akaanza kuosha mikono ya mumewe, kidole kimoja kimoja, unga na mafuta ya taa yakatoka. Alimwita jina. Mimi sikumbuki lini nilimsikia akimwita jina.

Mngedhani yameisha. Hayakuisha. Bwana Damiano alisimama, akaurudisha mkono wa usukani mezani, akasema, “Siuchukui. Hudaiwi, Ubaldo. Nitalifuta kwenye daftari.”

Marehemu alikasirika kuliko siku zote nilizomjua. “Hufuti kitu! Nimetembea Kasekese kwa ajili ya nini? Lori lizeeke tena juu ya mawe kwa sababu wewe unaona haya? Chukua, funga, endesha!”

“Sichukui kitu cha mtu niliyemkosea.”

“Basi umenikosea mara ya pili.”

Wakaachana hivyo. Wazee wawili, kila mmoja analazimisha mwenzake ashinde. Chuma kikabaki mezani, kimefungwa kwenye gunia lenye mafuta kisishike kutu. Kila siku marehemu aliuliza, “Amekuja?” Tulimjibu bado. Padri alipomletea Sakramenti ya wagonjwa alimwuliza kama kuna mtu hajamsamehe. Alijibu, “Kusamehe nimesamehe wote. Kuna mmoja hataki kulipwa.”

Alifariki Alhamisi tarehe 20 Novemba 1958, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake hapa Mwamkulu, mkewe amemshika mikono. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Mmeuliza kwa nini tumechelewa kuzika, tangu juzi mpaka leo Jumamosi, na wengine mmenung’unika juani. Nawajibu. Alhamisi ile, saa nne, Bwana Damiano alifika msibani. Hakuingia kwa wanaume. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi Romana pale chini, akapiga magoti. “Mama Getrude,” alisema, “nimekuja kuchukua ninachodai.” Wifi aliinuka, akaingia ndani, akautoa mkono wa usukani kwenye gunia, akamkabidhi kwa mikono miwili. “Alisema uchukue,” alimwambia. “Alichoka kukungoja.”

Wakaufunga wenyewe, yeye na Alois. Lori likashushwa kwenye mawe. Saa nane mchana lilikwenda Karema, Bwana Damiano usukani, likashuka ule mteremko, na leo asubuhi limepanda tena. Limewaleta wajomba na ndugu wa wifi Romana, watu kumi na tisa, wale mnaowaona pale wenye vumbi hadi kwenye kope. Mama Marselina walimzika binti yake hayupo. Wamekuja kumzika mkwe wake.

Marehemu ameacha mke, Romana. Watoto watatu, Getrude, Alois na Dafrosa. Na dada mmoja, Kasilda. Kwenye daftari la Kamati ya Lori, ambalo nimeliona kwa macho yangu saa moja iliyopita, ule mstari wa Agosti 1956 haukufutwa kama mwenyekiti alivyotaka. Chini yake ameandika, kwa mkono wake na kuweka sahihi: “Umepokelewa. Umejaribiwa. Umefika Karema na kurudi.”

Mungu ampokee Ubaldo, ampe mahali pa kulaza mikono yake. Hakuna anayemdai.